Nimero ya Kodi, Darasa la Tatu

Ulipita pale, usikatae. Uliona watu mia kwenye uwanja wa shule, kila mmoja na karatasi mkononi, ukajifanya unafunga kamba ya kiatu. Basi nitakusimulia mimi, maana wewe macho unayo, ila unayawekea akiba.

Ilikuwa wiki ya tatu baada ya volkano ya 2002. Goma haikuwa na maji, haikuwa na umeme, na katikati ya mji hakukuwa na mji. Lakini kodi ilikuwa hai, Mungu asifiwe. Waasi waliotutawala wakati ule walitangaza redioni: hakuna atakayerudishiwa nafasi yake sokoni bila nimero, yaani namba, ya mlipa kodi, na mwisho ni vendredi, Ijumaa. Biro yenyewe, ofisi ya kodi, ilikuwa imelala chini ya jiwe pamoja na mafaili yake yote. Imehamia wapi? Redio haikusema. Mambo madogo kama hayo wakubwa huwaachia raia.

Mama Masika, muuza mawese, mzaliwa wa Butembo, nyumba yake ya mtaa wa Mapendo ilikuwa imezikwa na lava bila padri wala maua. Alichobakiza duniani ni watoto sita na nafasi moja sokoni, hatua tatu kwa mbili. Jirani akamwambia kuna shule Katindo bado ina meza. Wakubwa hawakosi kuwa hapo penye meza.

Lundi, Jumatatu asubuhi, alifika wa kwanza. Katika darasa la tatu alimkuta bwana wa makamo, shati jeupe, amekaa nyuma ya meza ya mwalimu, kichwa kimelalia mikono. Mama Masika akashukuru moyoni. Afisa amelala saa mbili asubuhi: hapa hajapotea njia. Akaweka karatasi zake mezani, na juu yake kifuko cha karanga.

"Papa chef, bonjour. Nimekuja ju ya nimero."

Bwana akafungua macho. Akaangalia karanga, akaangalia karatasi, akazisoma muda mrefu kama mtu anayesoma barua ya jirani.

"Zamani walikuwa wanakuombaga nini?"

Mama Masika alishazoea kupimwa na wakubwa. Akajibu haraka: karatasi ya chef wa avenue, yule mkuu wa mtaa wake, foto mbili, fotokopi.

"Basi ni vile vile. Uende ulete."

Avenue yake ilikuwa jiwe. Chef wa avenue alikuwa mkimbizi Gisenyi, upande wa Rwanda. Mama Masika akavuka mpaka kwa miguu, akamsaka kambini mpaka akampata, na chef akamwandikia juu ya karatoni ya biskuti kwamba Masika anakaa, kweli kabisa, kwenye avenue ambayo haipo.

Mardi alirudi. Mstari sasa ulitoka darasani, ukapita uwanja, ukafika barabarani.

"Sceau iko wapi?" bwana aliuliza, akigeuza karatoni.

"Muhuri yake iliungua, papa chef. Iko chini ya volkano."

"Pole. Hata mimi sina." Alisema hivyo kwa huzuni ya kweli. "Urudi kesho."

Mercredi foto mbili zikawa nne.

"Papa chef! Juzi ilikuwa mbili!"

"Mama, mambo inabadilika. Hauoni mji?"

Nyuma yake Muzee Sebahire, mfugaji wa Rutshuru aliyebaki na fimbo bila ng'ombe, akacheka mpaka akakohoa. "Mama, usimukasirishe. Wakati ya Zaïre walituandika. Uasi ya kwanza walituandika. Hii ya pili nayo inatuandika. Kuandikwa kama kungekuwa chakula, tungekuwa wanene kama mapadri!"

Mstari mzima ukacheka. Bwana naye akacheka, kidogo, akaandika jina la muzee katika daftari la mwanafunzi. Lake yeye hakuna aliyeliuliza. Mwenye meza haulizwi jina. Walimletea chai. Walimletea hindi la kuchemsha. Mama mmoja ambaye watoto wake walilala chini alimletea blanketi, chef asipate baridi. Hapo ndipo tulipofikia, na usicheke, ungepeleka mto.

Jeudi Mama Masika alipitia sokoni kwanza. Kwenye hatua zake tatu kwa mbili alikuta mawe manne meusi, moja kila pembe. Mke wa komanda wa waasi ameshapima. Vendredi saa sita, asiye na nimero nafasi yake inakwenda, na mwenye bunduki hapangi mstari.

Alikimbia mpaka Katindo. Akaupita mstari, akapita matusi yake, akapiga meza kwa viganja vyote viwili.

"Papa chef, kesho ni vendredi! Bibi ya komanda ameshaweka mawe kwa nafasi yangu. Batoto wangu sita nitawapikia fotokopi? Unipe nimero leo, ao unionyeshe mukubwa yako, niende nimulilie yeye!"

Bwana akaweka kalamu chini. Akatazama mlangoni, kule mstari ulikoishia, kisha akamwinamia Mama Masika, sauti chini kabisa.

"Mukubwa gani, mama? Mimi ni Wenceslas, nilikuwa nauzaga viatu pale Majengo. Lundi nilikuja kutafuta nimero, sikukuta mutu, nikakaa ju miguu ilikuwa inaniuma. Ni weye ulinipa karatasi."

Haya, msomaji. Uko kwenye mstari gani leo? Toka, nenda mbele, uliza. Sasa hivi.