Kazi ya Kuanguka

Velma alipaa, akaziona taa za dari zikimpita machoni, kisha mgongo wake ukatua mkekani kwa kishindo. Nada akamlalia juu na kumkandamiza mpaka mabega yote mawili yakagusa chini.

"Halas!" alisema mwalimu wao Mjapani, yaani imetosha. Akaja akichechemea, akampa Velma mkono kumwinua. Nada aliinuka mwenyewe.

Mjapani huyo aliitwa Chihiro Nakazato, bingwa wa dunia wa mieleka mara tano kabla goti halijamharibikia. Klabu moja ya wanawake ya Jeddah ilimleta awafundishe mabinti. Alijua Kijapani chake na vijineno vichache vya Kiarabu. Kiingereza cha Velma hakikumfaa kitu. Mkalimani wao alikuwa Nada, binti wa nyumba ya mtaa wa Al-Rawdah ambako Velma alikuwa mfanyakazi. Kiswahili Nada alikipata kwa bibi yake wa Unguja, mzaa mama. Kijapani alikianza kwa katuni, akakimaliza kwa mwalimu wa kulipwa.

Kilichompeleka Velma mkekani ni mwili wake. Goti la Chihiro halikuweza tena kuhimili kishindo, na Nada alihitaji mtu wa kumbwaga.

"Mchukue Velma," mama yake, Bi Badriya, alisema. "Mifupa anayo."

Basi kila alasiri Velma aliacha pasi na deki, akavaa suruali ya kuazima, akaenda kubwagwa.

Mwanzoni alichukia. Halafu mwili ukaanza kukumbuka. Kwao Butere alikuwa akiangushana na kaka zake kwenye shamba lililovunwa, mama yake akimfokea kwamba hakuna mwanamume atakayemposa. Siku moja Nada alipomvamia miguuni, Velma hakufikiri. Alijishusha kidogo, akamkumba kiuno, akazunguka naye. Nada akaanguka chali kama gunia la mahindi.

Chihiro alikuwa ameziba mdomo kwa viganja. Kisha akamjia Velma mbio, goti bovu na yote, akamshika mabega na kusema maneno mengi ya harakaharaka, machozi yakimlengalenga.

"Anasema nini?" Velma aliuliza.

Nada alikuwa bado anajipangusa. "Anasema usirudie. Kazi yako wewe kuanguka. Anauliza kama umenibwaga kusudi."

Velma akatikisa kichwa kwa nguvu. "Hapana! Mwambie hapana kabisa."

Nada akasema neno fupi. Mikono ya Chihiro ikateleza kutoka mabegani mwa Velma. Mwanamke yule akainamisha kichwa, akarudi kwenye kiti chake, na siku hiyo hakufundisha tena.

Tangu hapo Velma akaanguka kama alivyoagizwa. Mara nyingine Chihiro alimwita pembeni, akazungumza polepole huku akigusa kifua chake mwenyewe, kisha cha Velma.

"Anauliza kama mgongo unakuuma," Nada alisema.

Velma akatabasamu, akatikisa kichwa. "Hauniumi. Mwambie ahsante."

Chihiro akainama tena, chini zaidi kuliko mara ya kwanza. Velma akaguswa, maana hakuwahi kuona mtu mkubwa akiujali hivyo mgongo wake.

Ni Bi Badriya aliyemtia wazimu, pale jikoni, wakichambua mchele.

"Unamjua Chihiro alivyoanza? Nimesoma habari zake. Alikuwa mtu wa kubwagwa tu, kama wewe. Bingwa wao akimtumia kwa mazoezi, miaka na miaka. Mpaka siku moja na yeye akambwaga bingwa. Ndiyo mwanzo wake."

Usiku huo Velma hakupata usingizi. Kesho yake, mkekani, akamvuta Nada mkono.

"Niulizie, tafadhali. Mtu wa umri wangu anaweza kuanza? Si kuanguka. Kupigana."

Nada akamgeukia Chihiro na kuuliza. Chihiro akatazama saa ya ukutani, akatikisa kichwa.

"Anasema umechelewa," Nada alisema kwa upole. "Mieleka huanzwa utotoni. Usihuzunike, Velma. Yalla, tuendelee."

Velma akalala chini hata kabla hajabwagwa vizuri.

Mashindano ya vilabu yalifanyika Riyadh. Velma alikwenda kubeba mabegi. Katika fainali Nada alizidiwa, akazidiwa, mpaka ikabaki dakika ya mwisho. Mpinzani alipomvamia miguuni, Nada alijishusha kidogo, akamkumba kiuno, akazunguka naye. Mabega ya yule binti yakagusa mkeka. Bi Badriya akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka.

Velma aliitazama medali ikivishwa shingoni mwa Nada. Aliyajua mabega yale, alikijua kiuno kile, na mzunguko ule ulikuwa wake, umetoka shambani kwao. Akafunika uso kwa mtandio, akalia kwa kwikwi, peke yake kwenye viti vya juu.

Chihiro ndiye aliyemwona. Akamwacha Nada na wapiga picha, akapanda ngazi moja moja, akishikilia goti. Kule Jeddah simu ziliachwa mlangoni mwa ukumbi, lakini hapa kila mtu alikuwa na yake mkononi. Chihiro akaketi kando ya Velma, akainong'oneza simu yake kwa Kijapani, kisha akaisogeza karibu na sikio la Velma. Sauti ya kike, laini kama ya msoma habari, ikatoka kwa Kiswahili:

"Leo narudi kwetu. Kila nilipokuomba twende pamoja Japani nikufanye bingwa, ulikataa, nami nimeliheshimu jibu lako. Sasa mbona unalia?"