Fimbo ya Hedwiga

Hedwiga aliruka kutoka kwenye gari la misheni, akavuka barabara ya Same mbio mbio, na alipofika mlangoni pa ofisi ya kodi akampokonya mjukuu wake fimbo, akainama, akaanza kukohoa.

"Bibi, hata leo?" Doris akanong'ona.

"Nyamaza. Humu ndani mna daftari."

Vudee nzima iliijua fimbo ile. Mwaka mzima ilikaa darini, na kwenye msaragambo, ile kazi ya kijiji ya kuchimba mifereji, Hedwiga mwenyewe aliwaacha vijana nyuma wakihema. Lakini siku mgambo wa kodi ya maendeleo wanapopanda mlimani, weee! Fimbo inashuka, mgongo unapinda, kikohozi hicho. Huu ulikuwa mwaka wa sita anasamehewa kwa uzee.

Karani Nicolaus alisimama kwa adabu. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba," akaitikia kwa shingo upande.

Walifuata cheti cha kutodaiwa kodi. Bila hicho hupandi ndege, na ndege ilikuwa Jumapili. Leo Ijumaa, saa nane mchana. Sabuni ilikuwa imeanza kurudi madukani mwaka huo, lakini fomu za serikali zilikuwa bado za kutafuta kwa tochi. Nicolaus alitoa moja kwenye droo, akaipuliza vumbi.

"Ya mwisho hii. Nikiikosea, mpaka mwezi ujao. Jina nitaandika mwisho, nikishajua hakuna kasoro. Haya, sababu ya kuhama?"

"Ndoa," Hedwiga akasema. "Na Mjerumani."

Nicolaus akachungulia dirishani. Garini alikaa mzee wa Kizungu, kichwa cheupe pee, akijipepea kwa kofia. Akamgeukia Doris, miaka kumi na minane, amekumbatia sanduku, macho mekundu kwa kulia. Akaweka kalamu chini. Ilimuuma kwa kweli. Alikuwa na binti wa umri huo huo nyumbani.

"Binti, ni yule?"

"Ndiye. Anaitwa Ewald. Alikuja kutengeneza mashine ya kusaga ya misheni."

"Unampenda?"

"Swali hilo limo kwenye fomu?" Hedwiga akadakia.

"Namuuliza yeye, bibi."

Doris akatazama sakafu. "Mimi namheshimu."

"Anapendwa," Hedwiga akasema. "Andika anapendwa."

Nicolaus alishusha pumzi. "Sikiliza, mwanangu. Nikigonga mhuri hapa, jina linafutwa Vudee. Si mkazi tena. Huko uendako utakuwa mkazi wa kwao na kodi utalipa ya kwao, tena wanaikata kabla hujaishika hela. Hakuna cha kujificha migombani."

"Na wazee wa huko wanasamehewa?" Hedwiga akauliza.

"Jamani, bibi! Wewe linakuhusu nini?"

Hedwiga akakohoa.

Nicolaus akafungua daftari la Vudee, akatembeza kidole mpaka kwenye kaya yao. "Hedwiga Loth, miaka sabini na mbili, amesamehewa. Doris, amelipa. Safi. Sasa jambo moja. Umri naunakili kutoka humu humu daftarini, kama ulivyo. Ukitofautiana na pasipoti hata kwa mwaka mmoja, uwanjani wanakurudisha. Nimeona mtu karudi Lembeni na sanduku lake, watu walimcheka mpaka akahama. Miaka ya kwenye pasipoti ni sahihi?"

"Ya kwenye pasipoti ni ya kweli," Doris akasema, na machozi yakaanza upya.

Kikohozi cha Hedwiga kilikatika ghafla. Akalitazama daftari. Akatazama dirishani. Ewald alikuwa ameshuka garini, amesimama juani na kofia yake mkononi, anautazama mlango wa ofisi. Miaka sita ya kodi ni mbuzi wawili na shamba zima la tangawizi, na hapo bado faini.

"Bibi," Doris akasema taratibu, "mwambie tu."

"Aniambie nini?" Nicolaus alikuwa ameshachovya kalamu. "Haya, Doris nani?"

Fimbo ikatua mezani, pwaa! Hedwiga akanyoosha mgongo, akamzidi karani urefu.

"Liache jina la mtoto, yeye kanisindikiza tu. Andika Hedwiga Loth, miaka hamsini na minne. Kodi za miaka sita nalipa zote leo hii, faini nalipa, ila nakuomba, baba, mchumba wangu yule pale nje asije akasikia kwamba niliwahi kuwa na sabini na mbili."