Bei ya Mtu Mmoja

Mzee alisimama mbele ya ubao wa bei katika ofisi ya kambi kwa muda mrefu mno, ingawa ulikuwa na mistari miwili tu. Wawili, dola themanini na nane kwa usiku. Mmoja, arobaini na tano. Nje, gari lake na karavani, nyumba ya magurudumu iliyokokotwa nyuma yake, vilikuwa vimejaa matope mekundu hadi madirishani.

"Mko wangapi, mzee wangu?" Noelene, msimamizi wa kambi, aliuliza, kalamu mkononi.

"Mmoja."

Alivua kofia aliposema hivyo. Noelene akaandika daftarini: Desmond Trewin, mstaafu, nafasi ya kumi na moja.

"Na mama?" Hakukusudia kuchokonoa, lilimtoka tu. Wazee wa umri ule hawazunguki barabarani peke yao ila kwa sababu moja.

"Merle," mzee alisema, akiitazama kofia yake. "Miaka arobaini na sita." Akaishia hapo.

"Pole sana. Wangu alinitoka miaka mitano iliyopita. Usijali, hapa hatumtozi mtu kitanda asicholalia."

Alilisema hilo kwa majivuno kidogo, na alikuwa na haki. Kambi hiyo ya karavani ilikuwa imenunuliwa na kampuni ya Brisbane, mwendo wa siku nzima kwa gari, na wenyewe hawakuwahi kukanyaga mji huu wa Yalgarra. Walichojua ni kukamua. Mabafu ya wanawake yalikuwa mabovu tangu Pasaka, na mjane alilipa sawa na mke na mume. Noelene aliandika barua saba. Mabafu hawakutengeneza, lakini bei ya mtu mmoja walimpa ili awaondolee kelele.

Mvua ilianza jioni hiyo. Kulipokucha barabara ilikuwa imefungwa pande zote mbili, na kabla ya adhuhuri kampuni ikapiga simu: kwa kuwa wageni hawana pa kwenda, bei ipande. Wawili sasa ni dola mia na ishirini. Noelene aliibandika karatasi ya bei mpya huku uso ukimwaka kwa aibu. Bei ya mtu mmoja hakuigusa.

"Mkitaka nayo ipande, njooni mbandike wenyewe," aliwaambia, akakata simu.

Wageni walikuja juu. "Kwa pesa zote hizi, hata bafu la kuoga hakuna?" mama mmoja alifoka.

"Maji yapo tele, dada," Noelene alimjibu. "Toka nje tu."

Trewin peke yake hakulalamika. Alilipa kila asubuhi kwa noti zilizokunjwakunjwa, akarudi kwake. Wenzake walipokusanyika barazani na viti vyao kunywa bia saa kumi, yeye hakuonekana. Mapazia yake hayakufunguliwa. Siku walipochoma soseji kwa pamoja aliomba kwenda kulia ndani, akabeba sahani iliyofurika, na Noelene akafurahi kuona kwamba angalau hamu ya kula anayo. Mara mbili alipopita pale alimsikia akizungumza mle ndani, kwa sauti ya chini ya kubembeleza. Hakushangaa. Yeye mwenyewe alimsimulia marehemu wake habari za kutwa kwa mwaka mzima.

Siku ya tatu, saa saba mchana, polisi walitoa habari kwamba mafuriko yanakuja kutoka sehemu ya juu ya mto, watu wote wahamie shule ya kilimani. Noelene alipita karavani moja baada ya nyingine, akibisha kwa ngumi kwa sababu ya kishindo cha mvua. Kwenye nafasi ya kumi na moja alipiga hodi mara tatu. Kimya. Akakumbuka kwamba amemwona mzee akielekea chumba cha kufulia na kapu la nguo, akamtuma mtu akamwite, akaendelea.

Maji hayakungoja amalize. Watu wakakimbilia kilimani roho mkononi, na katikati yao mzee Trewin akaonekana akiteremka kutoka upande wa chumba cha kufulia, anawasukuma, anarudi kambini maji yakimfika kiunoni. Noelene alimwita mpaka sauti ikakauka. Ghadhabu ilimpanda. Mtu mzima anafia bati la magurudumu! Gogo likamgonga mzee kichwani, akazama. Kosta, wa kikosi cha uokoaji cha kujitolea, alimfikia kwa mashua na kumvuta juu, damu inamtoka sikioni.

"Kuna mtu mwingine huko chini?" Kosta alipiga kelele. Karavani zilikuwa bado zimesimama, maji nusu ya milango. "Huyu anamtaja Merle. Merle ni nani?"

"Mkewe. Ni marehemu, maskini."

Noelene alipitisha kidole daftarini, jina kwa jina, chini ya mwavuli uliopinduka. Kila jina lilikuwa na mtu wake pale kilimani. "Watu kumi na tisa," alisema. "Wote wapo."

Kosta akageuza mashua kwenda shamba la chini, ambako kulikuwa na watu juu ya paa. Muda si muda karavani zote za ukingoni ziling'oka, zikaenda na mto. Noelene aliziangalia zikiondoka bila uchungu wowote. Zilikuwa mali tu.

Jioni, katika darasa lililogeuzwa wodi, mzee alifumbua macho. Noelene alikuwa ameketi kando yake tangu alasiri.

"Umeponea chupuchupu, mzee wangu," alimwambia, akimshika mkono. "Tulia. Hakuna tuliyempoteza."

Trewin alizungusha macho, godoro moja hadi jingine, akarudia tena kutoka mwanzo.

"Merle mmemlaza wapi? Nyonga yake ni mbovu, hawezi ngazi bila mimi." Kisha akashusha sauti. "Nisamehe, mama. Pesa za watu wawili hatukuwa nazo. Nilimwambia tu, akisikia hodi, asiitike."