Jina la Mbwa wa Perpetua

Mwalimu wa mbwa alimkabidhi Gervas kamba. "Mshike mbwa wa mama huyu. Yeye atasimama kule amwite kwa jina, ndipo umwachie."

Perpetua aliganda. Jina hilo alimpa mtoto wa mbwa alipotoka kumzika mumewe, ili kila jioni akimwita kula, majirani wawapelekee maneno mashemeji zake. Hakuna hata mmoja wao aliyekanyaga msibani. Maneno yalifika au hayakufika, hakujua. Na Gervas ndiye mkubwa wao. Leo naye alikuwa ameleta mbwa wake mafunzoni, na hawakuwa wamesalimiana.

"Mwite, mama."

"Njoo," alisema Perpetua, chinichini.

Mbwa hakutikisika.

"Kwa jina! Paza sauti!"

Perpetua alivuta pumzi. "Mlikuwa Wapi! Mlikuwa Wapi, njoo!"

Watu wakacheka. Kisha wakauona uso wa Gervas, wakanyamaza.

"Shemeji…" alianza Gervas.

Kamba ilimponyoka. Mbwa alikuwa huru sasa, lakini hakwenda popote. Aliketi miguuni pa Gervas, masikio yamesimama, akimtazama mdomoni.