Rafu ya Juu Kabisa

Meneja wa duka la vyombo vya umeme pale Osaka alikubali kuuza hadharani, kwenye rafu ya ghorofa ya juu, mchezo wa video wa mambo ya chumbani kwa sharti moja: mteja mmoja tu akilalamika, unarudishwa ghorofa ya chini, nyuma ya pazia la bidhaa za watu wazima.

Siku ya tatu Chizuru, aliyeutunga, alimwona mama yake mbele ya rafu. Mama alikuja kununua sufuria ya umeme. Siku zote aliamini bintiye ni karani.

Mama aliinua shingo, akalisoma jina la bintiye kwenye boksi. Akaliweka kapu lake sakafuni.

Meneja akamkimbilia. "Samahani sana, mama. Kuna kilichokuudhi?"

"Kipo, baba," alijibu, bila kumtazama Chizuru. "Mmeuweka juu mno. Siufikii."