Fundo la Nyuma

"Huyu ni askari..." mwalimu alianza.

"Asiyejulikana!" watoto wakaitikia kwa sauti moja.

Kila mwaka alileta darasa jipya kwenye mnara huu na kuwaambia yale yale: kwamba chini ya sanamu amezikwa kijana aliyeokotwa vitani bila jina, na kwamba mchongaji alizinakili buti zake kama zilivyokutwa. Maneno yalimtoka yenyewe, macho yakiwa juu, kwenye uso wa shaba ambao ulikuwa wa kubuni tu.

Kibonge, mfupi kuliko wenzake wote, ambaye mwalimu humfunga kamba za viatu kila siku, alikuwa ana kwa ana na buti.

"Mwalimu, na huyu umemfunga kamba wewe?"

Wenzake wakaangua kicheko. Mwalimu akainama.

Kamba ilizunguka kifundo cha mguu mara mbili, ikaishia kwa fundo nyuma ya kisigino. Hilo fundo lilibuniwa na mama yake mwalimu, maana kaka yake alikuwa hamalizi siku bila kukanyaga kamba zake na kwenda chini. Asubuhi ile kaka alipoondoka kwenda vitani, mwalimu mwenyewe ndiye aliyemfunga.

"Kaza, mdogo wangu, nisije nikaanguka mbele ya wanaume."

Nyumbani, mama bado hataki mlango upigwe komeo, kaka asije akarudi usiku akakuta umefungwa.

Vidole vya mwalimu vikalishika fundo la shaba, vikaanza kulifungua.

"Huyu ni..." akaanza kusema.

Watoto wakadhani amesahau, wakamsaidia:

"Asiyejulikana!"