Koo la Tausi

"Mama, ni mafua tu. Mpe ndimu na asali," daktari alisema, huku akimwita mgonjwa mwingine.

Sikudhani, mama yake Tausi, hakuondoka. Jana pia aliambiwa vivyo hivyo, na usiku kucha mwanawe Tausi alishindwa kumeza hata mate. Mafua tu! Ndivyo walivyoambiwa kuhusu kaka zake Sikudhani wawili. Koo likauma, likapoa, halafu miaka ikapita nao wakafa kwa ugonjwa wa moyo.

"Daktari, sisi ni wa ukoo ambao ugonjwa wa koo huishia moyoni," Sikudhani alisema kwa hasira. "Kaka zangu nimewazika. Huyu hujamtazama hata mdomo."

"Mama, foleni ni ndefu."

"Basi iwe ndefu." Akavuta kiti, akaketi, akampakata mtoto. "Tausi, fumbua kinywa, mwanangu."

Mtoto akafumbua. Daktari alishusha pumzi, akachukua tochi, akainama. Nje watu walianza kunung'unika. Daktari aliisogeza tochi karibu zaidi, na mkono wake wa pili ukaenda taratibu kifuani kwa Tausi, ukatulia hapo.